Unachokora nini hapo?

Hebu nikuulize swali dogo kabla hujapitisha kidole kwenda habari nyingine. Kwa Kiswahili, "poke around" utasemaje?

Usikimbilie kutafuta kwenye simu. Fikiria tu. Nadhani baadhi yenu mmesema "kuchokora" moyoni, halafu mkasita kidogo. Huko kusita ndiko kulikonifanya niandike haya.

Mimi swali hili liliniletwa na kibarua. Ninafanya kazi za mtandaoni, zile za leo kunakili sauti, kesho kutafsiri maandishi yanayopita chini ya filamu. Majuzi nikapewa filamu fupi ya upelelezi. Mwanamke anaingia ofisini kwake, anamkuta kijana amefungua droo zote za meza. Anamwambia: "Stop poking around in there." Maneno matano, sekunde mbili. Ukiandika sentensi ndefu, filamu imekuacha.

Nikaandika: "Wacha kuchokora humo." Fupi, imekaa vizuri, hata mdomo wa mwigizaji unakaribia kufanana nayo. Lakini nilipoisoma kwa sauti sikuona ofisi wala droo. Niliona mtoto na gunia.

Na si kwamba nilikuwa nawaza mbali. Nilikuwa kwenye saiba ya ghorofani pale Oloo Street, na chini ya dirisha mtoto wa aina hiyo alikuwepo kweli. Labda miaka kumi na moja. Ameinamia pipa la taka na kijiti mkononi, gunia limemzidi kimo. Akatoa chupa mbili za plastiki na kipande cha mkate. Chupa zikaenda guniani, mkate ukaenda mfukoni. Mama mmoja aliyekuwa akipita akamvuta mwanawe mkono, akamwonyesha kwa kidevu: "Umeona? Usiposoma utakuwa chokoraa."

Nikafuta sentensi yangu. Kitenzi kimoja kilikuwa kinafaa kwa mpelelezi wa filamu na kwa mtoto wa pipani, lakini mpelelezi akitoka ofisini anabaki mpelelezi. Mtoto akitoka pipani anabaki chokoraa. Nikataka kujua kwa nini.

Kineno kidogo, kazi kubwa

Tuanze na Kiingereza, kwa sababu hivi vitenzi vyao vya kuunganishwa na kineno kingine ndivyo vilivyotutesa wengi shuleni. "Poke" peke yake ni kumdunga mtu au kitu kwa kidole, kwa kijiti, kwa ncha yoyote. Mwenzako amesinzia kwenye matatu ya kwenda Langas na mmefika, unamdunga ubavuni. Hiyo ni "poke". Facebook ilipoanza mwaka 2004 ilikuwa na kitufe cha jina hilo. Unamdunga mtu, naye anakudunga, na hakuna aliyejua vizuri maana yake. Wengine waliipata ndoa hapo, wengine walipata matusi.

Sasa tia kineno nyuma. "Poke out" ni kutokeza, kama kidole gumba kwenye soksi iliyotoboka. "Poke at" ni kugusagusa bila nia, kama msichana aliyeachwa anavyochokorachokora ugali wake mpaka ukapoa. "Poke fun at" ni kumfanyia mtu mzaha. "Poke your nose into" ni kutia pua pasipokuhusu. Na "poke around" ni kutafuta huku na huku, mara nyingi bila kujua hasa unachotafuta, na mara nyingi mahali ambapo si pako.

Shika hizo sehemu mbili za mwisho: hujui unachotafuta, na hapo si pako. Tutazihitaji mbele.

Kiswahili hakitundiki vineno nyuma ya kitenzi. Chenyewe hufanya kazi ndani ya kitenzi. Kinarefusha mkia wake, au kinalisema neno mara mbili. Gusa ni mara moja, gusagusa ni hapa na pale. Pekua, pekuapekua. Ile "around" ya Waingereza sisi tunaipata kwa kurudia tu.

Na jamii ya maneno ya kudungadunga tunayo kubwa kweli. Unachokoa meno kwa kijiti baada ya nyama choma. Mwandishi wa habari anachokonoa kashfa. Ndugu yako anakuchokoza mpaka mama aingilie. Mwanasiasa analeta chokochoko. Zahanati utadungwa sindano, na mtaani, kwa Sheng, msee akivaa suti utasikia "leo amedunga". Hata hawa wanaoingia kwenye akaunti za watu tumewapa kitenzi cha maana ya karibu, kudukua.

Angalia sasa wanaofanya hayo tunawaitaje. Anayechokoza ni mchokozi. Anayechokonoa ni mchokonozi. Anayepekua ni mpekuzi. Anayedukua ni mdukuzi, hata akikuibia pesa zote za M-Pesa, bado tunamvisha ile "m" ya mtu. Wakiwa wengi ni wachokozi, wapekuzi, wadukuzi. Wa-, kama watu.

Anayechokora je? Si mchokozi wala mchokoraji. Ni chokoraa. Wakiwa wengi, machokoraa. Ile "m" imeenda wapi?

Hii "ma" imetoka wapi?

Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilikasirika. Ma- ni ya majani, mawe, magari. Na tukitaka kumfanya mtu awe mkubwa na mbaya, tunamtoa kwenye "m" tunampeleka huko: mtu anakuwa jitu, majitu, mwizi anakuwa jizi, majizi. Nikajiambia, basi ndivyo tulivyowafanya hawa watoto, tumewatoa kwenye ngeli ya watu tukawaweka pamoja na vitu.

Lakini ukiwa mkweli lazima uangalie upande wa pili pia. Makarani ni watu, na wana "ma". Madaktari, masonara, mabaharia, maofisa. Hao hakuna aliyewadharau. Wengi wao ni maneno ya wageni, yaliyokuja na meli, na Kiswahili kikawapokea kwa "ma" kwa sababu hayakuwa na "m" yake yenyewe. Kwa hivyo swali likageuka. Je, chokoraa naye alikuja na meli?

Jibu nililipata nikinunua waya wa chaja. Kuna duka moja hapa mjini, mwenyewe ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapahapa. Anakusalimia "Chamgei" kabla hujamaliza kuingia. Nikamuuliza, mzee, neno chokoraa kwenu lipo? Akacheka.

"Kwetu Kigujarati chhokro ni kijana tu. Mvulana. Mama yangu alikuwa ananiita hivyo nikichelewa kula."

Mvulana tu!

Nikaenda kusoma. Kihindi nacho kina chhokra, mvulana vilevile. Waingereza waliotawala India walilichukua neno hilo wakamwita hivyo mvulana wa kazi za nyumbani. Na kamusi za zamani za Kiswahili cha pwani zina chokora ambaye si kitenzi. Ni mtu mdogo anayeishi kwa kumtegemea mkubwa, mfuasi, kijana wa kutumwatumwa. Wafanyabiashara wa Gujarati walikaa pwani yetu karne nyingi kabla reli haijafika huku bara. Mimi si profesa wa lugha, lakini sauti ni ileile, maana zinashikana mkono, na ile "ma" inakaa mahali pake. Naamini jina hili lilianza likiwa na maana ya mvulana, likashuka likawa mtumishi, halafu mjini likakutana na kitenzi chetu cha kuchokora, na kwa kuwa mtoto alionekana pipani, watu wakadhani amezaliwa na kitenzi hicho.

Kama ni hivyo, basi tumekuwa tukimwita mtoto "mtoto" kwa miaka yote hii, ila kwa sauti ya kumfukuza.

Kabla ya chokoraa

Nairobi ya miaka ya 1970 haikuwa na jina hili mdomoni sana. Watoto hao waliitwa "parking boys", kwa sababu walikuwa wakiwaelekeza wenye magari mahali pa kuegesha na kupewa senti. Mwaka 1973 padri Arnold Grol alianzisha Undugu Society kwa ajili yao. Mwaka huohuo Meja Mwangi akachapisha riwaya ya Kill Me Quick, yenye vijana wawili waliosoma, wana vyeti, na bado wanakula kutoka mapipani. Kwa hivyo yule mama wa Oloo Street angepaswa kujua: kusoma hakujawahi kuwa kinga kamili. Ni zaidi ya miaka 50 sasa tangu tuandikiwe hilo.

Ukivuka mipaka utakuta kila mji na jina lake. Goma na Bukavu ni maibobo. Kwa jirani zetu Tanzania chokoraa wapo pia, na huko kuna mwanamuziki wa dansi, Khalid Chokoraa, aliyelichukua jina akalipandisha jukwaani. Yeye analivaa na watu wanalipa kiingilio. Tofauti yake na mtoto wa hapa Eldoret ni kwamba jina la jukwaani unaweza kulivua.

Wakubwa nao wana majina yao. Umoja wa Mataifa mwaka 2017 ulitoa mwongozo unaowataja kama watoto walio katika hali za mtaani. Sheria yetu ya Watoto ya 2022 inamzungumzia mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Ni majina mazuri, lakini marefu, na hakuna anayeyatumia akishikwa begi usiku.

Jina kinywani mwangu

Sasa nifike nilipokuwa nakwepa.

Mwaka 2008 nilikuwa darasa la tatu, tunakaa Langas. Unajua kilichotokea Eldoret Januari ile, sihitaji kukueleza. Shule zilipofunguliwa, dawati letu lilikuwa na nafasi. Rafiki yangu niliyekaa naye, tuliyekuwa tukigawana penseli moja kwa kuikata katikati, alikuwa amekwenda na mamake kwenye kambi ya wakimbizi pale uwanja wa maonyesho. Tukaambiwa atarudi. Wakaleta mwanafunzi mwingine, dawati likajaa.

Mwaka 2019, miezi michache baada ya mimi kuacha chuo, nilikuwa Uganda Road usiku, nimevaa begi mgongoni lenye laptopu ya kuazima. Nikahisi mkono. Nikageuka na sauti yote niliyokuwa nayo: "Wewe chokoraa, toka hapa!"

Yule kijana akarudi nyuma hatua mbili, mikono juu. Chupa ya gamu ilikuwa imening'inia mdomoni. Akaitoa. Halafu akaniita jina langu la utani la darasa la tatu, ambalo hata dada zangu hawalijui.

Akasema, "Zipu yako imefunguka, buda. Na jina langu si unalijua."

Zipu ilikuwa imefunguka kweli. Mpaka leo sijui kama alitaka kuifunga au kuifungua zaidi, na sijamuuliza. Ninachojua ni nilichofanya mimi. Nilimpa noti ya hamsini nikaondoka haraka. Sikumwita jina lake. Lilikuwa kwenye ulimi, nikalimeza.

Mwaka huohuo, mwezi wa Februari, vyombo vya habari viliripoti kwamba watoto wa mitaani walikusanywa usiku mjini Nakuru wakaachwa karibu na msitu wa Chemususu, kaunti ya Baringo. Nchi ilikasirika kwa wiki moja hivi. Neno lililotumika sana siku zile lilikuwa "kutupwa". Hakuna aliyelishangaa. Ukishamwita mtu kwa jina la pipani, anayefuata anajua pa kumpeleka.

Verb ikigandishwa

Nami, msomaji, usidhani nazungumza nikiwa juu ya mnara. Kuna neno la Kiingereza lililonifanya nielewe hili kwa ngozi yangu.

"Drop out" ikiandikwa kwa nafasi katikati ni kitenzi: kuacha masomo. Nilifanya kitendo hicho siku moja, mwaka wa pili, karo ilipokwama na mwenye nyumba akabadilisha kufuli. Kitendo hicho kilichukua kama dakika kumi, pamoja na foleni. Lakini ukiondoa ile nafasi ukayabana maneno mawili, inakuwa "dropout", nomino. Sasa si kitu nilichofanya. Ni kitu nilicho. Ndivyo Kiingereza kinavyotengeneza watu: "run away" inakuwa "runaway", "sell out" inakuwa "sellout". Kitendo cha siku moja kinagandishwa kinakuwa jina la maisha.

Kila Krismasi kwa shangazi yangu Kapsoya natambulishwa kwa wageni: "Huyu ndiye yule aliyeacha chuo." Halafu wanaanza kunichokonoa. Kwani ilikuwaje? Na huwezi kurudi? Na wenzako sasa wako wapi? Ninajibu na chapati mkononi. Shangazi ananipenda, najua. Lakini nikitoka pale huwa nimechoka kuliko nikifanya kibarua cha usiku kucha.

Na mimi hakuna anayeziba pua nikipita. Mimi bado naitwa kwa jina nikiagiza chai. Kama jina dogo la kwangu linachosha hivi, hebu lipime lile la mwenzangu.

"Mimi sichokori"

Nilimtafuta. Haikuwa rahisi, na haikuwa ushujaa, ilinichukua miaka. Yeye sasa ana umri wangu, miaka 26, ana mtoto wa kike, aliacha gamu, na anakusanya plastiki na vyuma chakavu. Tulikaa kwenye kibanda cha chai, tukaagiza mandazi, na nikaomba msamaha vibaya kama watu wanavyoomba msamaha. Akanyamaza, akatia sukari. Kisha nikamweleza kuhusu ile filamu na kitenzi changu. Nilidhani nitamchekesha.

"Mimi sichokori kitu," akasema. "Kuchokora ni kama hujui unataka nini. Mimi najua."

Akanifundisha. Chupa ya soda ukiibonyeza inalia kwa sauti yake, ile ya mafuta ya kupikia ni ngumu na inalia nyingine, na mwenye mizani hazichanganyi. Shaba iko ndani ya waya, usiichome mpaka ikaungua kabisa, utapunguza bei. Kopo la aluminiamu halishikwi na sumaku; ukikuta linashikwa, hilo ni bati. Siku ya kwanza ya wiki mapipa ya hotelini yana chupa, katikati ya wiki maduka ya simu hutoa makatoni. Anajua lori la taka linapita saa ngapi kabla ya kuelekea jalala la Kipkenyo, na lazima awe amepita kabla yake.

Nilikumbuka zile sehemu mbili nilizokuambia uzishike. "Poke around" ni kutafuta usichokijua, mahali pasipo pako. Ya kwanza ameishinda kwa hoja. Ya pili je? Eldoret ni jiji la tano la Kenya tangu tarehe 15 Agosti 2024. Yeye amezaliwa hapa, ulipokuwa mji, kabla mimi sijajua kusoma. Kama hapa si pake, ni pa nani?

"Nyinyi wa kalamu na kamera," akaongeza, "nyinyi ndio mnachokorachokora. Unakuja unaniuliza nilale wapi, nile nini, mamangu yuko wapi. Unatafuta nini? Hujui. Ukishapata unaondoka."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshatoa kalamu.

Kilichojulikana tayari

Tumtendee haki mtu mmoja mmoja, kwa sababu si kila anayeuliza huuliza ovyo. Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya hapa na washirika wao wamefanya utafiti na watoto hawa kwa miaka mingi, na wametuachia majibu. Mwaka 2016 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha uchambuzi ulioongozwa na Lonnie Embleton, mtafiti aliyefanya kazi nyingi hapa Eldoret. Walikusanya tafiti 49 kutoka nchi 24 wakauliza: watoto wenyewe wanasema walitoka nyumbani kwa nini? Umaskini ulikuwa sababu ya kwanza, asilimia 39. Ugomvi wa kifamilia ukafuata kwa 32, kupigwa na kunyanyaswa 26. Utundu, ile sababu tunayoiamini sisi tulio barabarani, ulikuwa wa mwisho kwa asilimia 10.

Kwa hivyo, mama wa Oloo Street, kwa heshima zote, sentensi yako ina makosa. "Usiposoma utakuwa chokoraa" inamfundisha mwanao kwamba yule pale alichagua. Na hesabu si ndogo. Serikali ilipowahesabu watu wanaoishi mitaani mwaka 2018 ilipata 46,639 nchi nzima. Uasin Gishu ilikuwa ya nne, nyuma ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, ikiwa na 2,147. Wote 2,147 wana jina ambalo mtu fulani aliwahi kuwaita wakichelewa kula.

Basi tuseme nini?

Sitakuambia neno lifutwe. Maneno hayafutwi kwa makala. Na wenyewe mitaani wanaitana hivyo wakicheka, hilo ni lao. Sitakupa pia jina jipya zuri la kukaa mahali pake, kwa sababu jina zuri likikaa mtaani mwaka mmoja linachafuka lilelile. "Parking boy" lilikuwa jina la kazi, na bado lilichafuka.

Ninachokuomba ni kitu cha kisarufi tu. Rudisha kitenzi kwenye kitenzi. Ukimwona mtoto kwenye pipa, sema anachofanya: anatafuta chupa, anatafuta chakula, anakusanya plastiki. Kitendo kina mwanzo na mwisho. Mtu anaweza kukiacha jioni akaenda mahali pengine. Hata Kiswahili chenyewe kinakupa nafasi hiyo, kina ana-, kina ali-, kina ata-. Nomino haina wakati ujao.

Na mimi uniambie niliacha chuo. Nitakubali, ni kweli, niliacha. Usiniambie mimi ni nani kwa sababu hiyo.

Ile filamu niliimaliza usiku uleule wa kibanda cha chai. Niliandika: "Wacha kupekua humo." Mteja hakuona tofauti yoyote, akalipa bei ileile.

Rafiki yangu jina lake silitaji hapa, maana nilimwomba ruhusa akakataa. Alisema gazeti litasomwa na mwalimu wa bintiye, na bintiye hajui mengi bado. Lakini tulipoagana pale kibandani nilimwita kwa jina lake, lote, na la baba yake, vile mwalimu wa darasa la tatu alivyokuwa akilisoma kwenye rejista.

Akaitika "niko", akachukua gunia lake, akavuka barabara.